Goli Lilianza kwa Jirani

Bao la kwanza la mechi ile nililisikia kupitia ukutani.

Kwenye runinga yangu mpira ulikuwa bado umetulia kwenye kona. Winga wetu alikuwa anauweka sawa, anarudi nyuma hatua nne, anainua mkono. Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, watu wakalipuka. Viti vikaburuzwa, mtu akapiga ukelele, mtoto akaanza kulia kwa kushtuka. Nikabaki na rimoti mkononi, nawatazama mabeki wakisukumana ndani ya boksi kama watu ambao hawajapewa taarifa. Nilishajua kinachokuja, nilichokuwa sijui ni nani tu atakayepiga kichwa. Sekunde ishirini na ushei baadaye beki wetu wa kati akaruka, akafunga, nami nikasema "haya" kwa sauti ya mtu anayesaini kupokea mzigo.

Sababu yenyewe si ya ajabu. Jirani anatumia dishi, mimi nilikuwa natumia intaneti. Picha ya jirani hupanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka hadi kwenye paa lake, na safari yote hiyo, kwenda na kurudi, huchukua kama robo ya sekunde tu. Kwa hiyo umbali hauna kosa. Kinachokula muda ni kazi inayofanyika njiani: picha kubanwa ili ipite, kufunguliwa, kuoanishwa na sauti. Hata jirani basi haoni sasa, anaona sekunde kadhaa zilizopita. Kwangu mambo huzidi. Video ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na programu hukusanya vipande kadhaa kabla haijaanza kuvionyesha, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Ni akiba, kama maji ya pipa. Nikitaka mpira usikwamekwame, sharti nikubali kuupokea ukiwa umeshapoa. Na muda wote huo, kwenye pembe ya skrini, maandishi mekundu yananihakikishia kwamba naangalia moja kwa moja.

Kuna ubishi wa siku nyingi kati ya watu wa nyumbani na watu wa uwanjani, na kila upande una majibu yake ya kukariri. Wa nyumbani watakutajia marudio, kiti chenye mgongo, choo kisicho na foleni. Wa uwanjani watakutajia shangwe. Nimekaa pande zote mbili kwa miaka mingi, na naona ubishi wenyewe umekosea mlango. Kelele naweza kuipata nyumbani nikiongeza sauti. Kinachonitoa kitandani siku ya mechi, nikapande mabasi mawili na kusimama juani, ni saa. Uwanjani mpira ukivuka mstari, umevuka kwetu sote, wakati ule ule, na hakuna mtu nyuma ya ukuta aliyepata kabla yangu.

(Wenye kupenda ubishi watasema hata uwanjani kuna kuchelewa, na ni kweli. Ukikaa nyuma ya goli moja na mpira ukapigwa kwenye goli la pili, mita 105 kutoka hapo, utauona mguu kwanza, kisha mlio wa "pu" ukufikie baada ya karibu theluthi moja ya sekunde, maana sauti haina mbio za mwanga. Lakini ucheleweshaji huo haujawahi kumharibia mtu siku yake.)

Baba yangu ndiye aliyenifundisha kujali jambo hili, ingawa yeye hakuliita hivyo. Alikuwa na utaratibu wake. Mechi ikikaribia kuanza, aliishusha sauti ya runinga mpaka chini kabisa, kisha akaleta redio, akaiweka kando ya runinga na kuzungusha kitufe taratibu mpaka mikwaruzo iishe. Picha kutoka huku, maneno kutoka kule. Ukimuuliza sababu, alikuwa na jibu moja: "Mtangazaji wa runinga anajua unaona, kwa hiyo anapumzika. Wa redio akinyamaza, umekuwa kipofu." Na kweli yule wa redio hakupumzika. Alikutajia jina la aliyegusa, upande anaokimbilia, beki aliyebaki, nafasi iliyo wazi, na pumzi yake ikawa inapanda kadiri mpira unavyosogea langoni. Siku zile picha na sauti vilitembea pamoja. Neno "anapiga" lilitua kwenye mguu wenyewe. Mimi nilikuwa mdogo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu wa redio yumo mahali fulani nyuma ya runinga yetu, anaichungulia.

Halafu vikaja ving'amuzi, na ndoa ile ikavunjika. Redio ikawa inatangulia. Mtangazaji anapaza sauti ya goli, na kwenye kioo mshambuliaji bado amelipa lango mgongo, anasubiri pasi. Baba alijaribu kuvumilia kwa wiki kadhaa. Alipiga kingo za runinga, alikagua nyaya, alinituma nje nikaangalie dishi kana kwamba limelala. Mwishowe Jumamosi moja, katikati ya mechi, akainuka akaizima runinga, akarudi kukaa na redio yake. Kusikia si kuona, walisema wahenga, lakini yeye aliamua kwamba kusikia kwa wakati kunamfaa kuliko kuona kwa kuchelewa.

Nisije nikaonekana naupigia debe uwanja bila kusema ukweli wake. Kuna mechi niliyoisubiri kwa wiki mbili. Nilifika mapema mno, nikakaa chini karibu na kibendera cha kona, mahali ambapo goli la mbali unalibahatisha tu. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye miwani mizito. Mechi ilipochangamka aliruka kwa shambulio moja lililokwenda nje, miwani ikamtoka usoni na kupotelea chini ya viti. "Kijana, nisaidie, bila hiyo mimi sipo," akaniambia. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa kati ya viti, nikawa napapasa kwenye saruji. Nilikuwa nimeshaigusa fremu kwa ncha za vidole pale miguu yote iliyokuwa mbele yangu ilipoondoka ardhini kwa pamoja. Raba, ndala, viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi asubuhi, soksi moja iliyotoboka kisigino, vyote vikaelea hewani, kisha vikashuka kwa kishindo kilichonipita kifuani. Hapo ndipo nilipojua tumefunga.

Nikainuka na miwani. Mzee akaivaa haraka, imepinda, akauliza, "Nani? Nani kafunga?" Watu wanne waliokuwa karibu wakatoa majina matatu.

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Mimi nilikuwepo, na langu sikuliona. Nimeshatazama marudio ya goli lile mara nyingi: shuti la kawaida, likamgonga beki kwenye paja, kipa akabaki ameegemea upande usio wake. Hata hivyo mtu akiitaja mechi ile, kinachonijia ni viatu. Na nikilinganisha na mechi mia kadhaa nilizozitazama nyumbani, ambazo magoli yake nayajua kwa mpangilio na dakika zake, nagundua kwamba nyingi siwezi kusema nilizitazama mwaka gani, nikiwa nimekaa na nani.

Tofauti nyingine kubwa ni nani anayechagua pa kutazama. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kazi yote ya mwelekezi wa matangazo ni hiyo: kukuambia tazama. Kamera kuu huwekwa juu, usawa wa mstari wa kati, na kazi yake ni kuufuata mpira. Kwa hiyo nyumbani tunautazama mpira na watu walio jirani nao. Wengine wote hawapo mpaka mpira uwafikie, kama waigizaji wanaosubiri nyuma ya pazia. Kisha mpira ukitoka, mwelekezi anakuletea uso wa kocha, uso wa tajiri jukwaani, uso wa mtoto anayelia, na marudio. Muda ambao mpira unachezwa kweli katika dakika 90 ni kama saa moja hivi, mara nyingi pungufu. Nusu saa inayobaki, nyumbani hujazwa. Uwanjani huachwa wazi, ukae nayo.

Na mimi katika nusu saa hiyo iliyo wazi ndimo nilimojifunza mpira. Nilishawahi kumtazama kipa mmoja kwa dakika kumi nzima, mpira ukiwa upande wa pili. Alikuwa anaongea peke yake. Anapima mstari kwa hatua, anagonga mlingoti wa kushoto kwa kisigino, wa kulia kwa kisigino, anarudi katikati, anainua mkono kumwambia beki asogee, na beki anasogea bila kugeuka. Mistari ya mabeki ukiitazama kutoka juu jukwaani inapanda na kushuka kama kamba moja inayovutwa, na ukiona mmoja amechelewa kupanda, unaijua habari ya kuotea kabla mshika kibendera hajaijua. Utamwona winga ameshika kiuno dakika ya 60, wakati nyumbani wachambuzi bado wanamsifu kwa mbio zake za dakika ya 20. Utawaona wawili wa timu moja wasiopeana pasi. Haya hayaonyeshwi, kwa sababu hayana mpira.

Lakini marudio nayo niyape haki yake, maana bila hayo ningekuwa nimebishana na watu maisha yangu yote kwa mambo yasiyotokea. Marudio ya papo hapo yalianza Desemba 7, 1963, huko Philadelphia, kwenye mechi ya futiboli ya Marekani kati ya timu za chuo cha jeshi la nchi kavu na chuo cha jeshi la maji. Mwelekezi Tony Verna alikuwa amepanga mitambo ya kurekodi iweze kurudisha tukio muda mfupi baada ya kutokea. Alipofaulu, mtangazaji akalazimika kuwaeleza watazamaji kwamba hii si ya sasa, jeshi la nchi kavu halijafunga tena. Siku hiyo watu walipaswa kuambiwa kwamba wanachokiona kimeshapita. Mimi, miaka sitini baadaye, naambiwa kwamba kilichopita ni cha sasa.

Kabla ya hapo hata kutazama nyumbani kwenyewe kulikuwa jambo la kubahatisha. Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936 ilirushwa kwa televisheni, lakini wengi walioiona waliiona kwenye kumbi za umma zilizotengwa kwa kazi hiyo. Yaani wengi wa watazamaji wa mwanzo wa michezo kwenye televisheni walikuwa umati, bega kwa bega. Mwaka uliofuata, Septemba 16, 1937, BBC ilirusha soka kutoka uwanja wa Highbury jijini London: Arsenal ikicheza na wachezaji wake wa akiba. Mpira ulipoanza kuonekana una soko ndani ya nyumba, wenye timu wakaingiwa na hofu kwamba majukwaa yatabaki matupu. Uingereza waliweka katazo tangu miaka ya 1960: Jumamosi, kuanzia saa 8:45 hadi 11:15 alasiri, soka lisirushwe moja kwa moja nchini humo. Katazo hilo limeishi miongo mingi, na viwanja vya ligi yao kuu vinajaa hata kwa mechi ambazo mtu angeweza kuzitazama amelala kwenye kochi. Hofu ile ilidhani watu wanakwenda uwanjani kwa kukosa njia nyingine ya kuona.

Michezo mingine sitaisemea sana, ila haiko sawa yote. Marathoni ni ya nyumbani, sina ubishi. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya saa 2:00:35 kule Chicago, Oktoba 8, 2023, alikuwa anakula wastani wa mita 5.8 kwa kila sekunde. Mtu aliyesimama kando ya barabara, akiwa na mita 100 za wazi mbele ya macho, alimpata kwa sekunde 17, basi. Baada ya hapo akabaki kuuliza watu. Lakini nimewahi kusimama kando ya barabara ya namna hiyo, na kitu kimoja nilikiona ambacho kioo hakijawahi kunionyesha: kasi. Kamera hukimbia pamoja na wanariadha, kwa hiyo nyumbani wanaonekana kama wanateleza mahali pamoja. Pale kando ya njia, kundi la mbele lilinipita kama upepo wa lori. Nikajaribu kukimbia nao sambamba, kwa utani tu, nikiwa na afya zangu zote. Nilifika kama nguzo tano za umeme nikashika kifua. Tenisi ni hivyo hivyo, uwanjani ndipo unapoogopa ule mpira. Ndondi nitatazama nyumbani, nina sababu zangu.

Sasa nirudi kwenye saa, maana hapo uwanja wenyewe umeanza kunitia mashaka.

Juni 27, 2010, Bloemfontein, Kombe la Dunia, Uingereza na Ujerumani. Frank Lampard wa Uingereza alipiga shuti likagonga mwamba, likadunda ndani ya mstari, likatoka. Refa akasema mchezo uendelee. Sisi tuliokuwa nyumbani tulirudishiwa picha muda si mrefu, na dunia nzima ikajua ni goli, isipokuwa watu waliokuwa na filimbi na vibendera. Ujerumani ikashinda 4–1. Baada ya hapo ukaja mtambo wa kutambua kama mpira umevuka mstari, ukatumika katika Kombe la Dunia la 2014, na 2018 ikaja VAR, yaani waamuzi wa video wanaokagua marudio na kumwambia refa sikioni. Sina chuki na haki kutendeka. Ila angalia kilichotupata sisi wa majukwaani.

Zamani goli lilikuwa na kizuizi kimoja: kibendera. Ulikuwa unafunga, unageuza shingo kumtazama mshika kibendera, kiko chini, basi, ruka. Kitendo cha kugeuza shingo kilichukua pumzi moja. Siku hizi unaruka, unakumbatiwa na mtu usiyemjua, unarudi chini, kisha unamwona refa ameweka kidole sikioni. Watu wanaanza kukaa mmoja mmoja, kwa aibu kidogo, kama waliopiga makofi kabla hotuba haijaisha. Hujui wanachunguza nini. Mkono? Kuotea? Rafu ya kule katikati ya uwanja ambayo kila mtu ameshaisahau? Nyumbani wanachorewa mistari ya rangi, wanaonyeshwa kwapa la mshambuliaji limezidi goti la beki. Uwanjani unatazama mgongo wa mtu mwenye filimbi. Niliwahi kumpigia simu mdogo wangu, aliyekuwa nyumbani, nimuulize kinachoendelea mbele ya macho yangu. "Kaka, limekataliwa," akaniambia, na alikuwa ameshalijua jibu, yeye na kuchelewa kwake kote, wakati mimi bado nimeshikilia skafu hewani. Katika Kombe la Dunia la wanawake la 2023, kule Australia na New Zealand, waamuzi walitangaza uamuzi kwa kipaza sauti ili waliopo uwanjani nao wasikie. Ni hatua. Lakini fikiria: mtu amelipa, amesafiri, amekaa mita thelathini kutoka kwenye tukio, na anahitaji kutangaziwa.

Kwa hiyo ile faida niliyoisifia pale mwanzo imeanza kuliwa na panya. Bado naipenda, kwa sababu hata kungojea kule tunangojea pamoja, maelfu ya watu wameshika pumzi ile ile. Lakini nakiri nimeanza kushangilia kwa tahadhari. Naruka nusu, kisha natazama sikio la refa.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, ulitupa jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Ligi ya Ujerumani ilirudi Mei 16 viwanja vikiwa vitupu, na nyingine zikafuata. Nilitazama nyingi kuliko nilivyowahi kutazama katika maisha yangu, sikuwa na pa kwenda. Mwanzoni nilifurahia kusikia yaliyokuwa yakifunikwa: kipa anaita "mgongoni!", kocha anafoka, mpira unagonga ubao wa tangazo na kutoa mwangwi wa ghala. Baada ya wiki mbili hivi watangazaji wakaanza kupachika sauti za mashabiki zilizorekodiwa, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Shuti lilikuwa linapita sentimita chache kutoka mlingotini, na ule mguno wa "aaah" unakuja baadaye kidogo, mtu wa kubonyeza kitufe ameshtuka kama sisi. Umati wa kweli huanza kuguna kabla shuti halijapigwa. Huanza pale mtu wa kwanza anapoona nafasi, sauti ikajengeka, ikawasukuma wachezaji wenyewe. Sauti ya kitufe haiwezi kujua kabla.

Ukimya nao una aina zake. Ule wa 2020 ulikuwa wa nyumba iliyohamwa. Upo mwingine ninaousikia kwa kuwazia tu: Julai 16, 1950, Maracanã, Rio de Janeiro. Tiketi zilizouzwa zilikuwa 173,850, na inaaminika walioingia walizidi idadi hiyo. Brazil ilihitaji sare tu na Uruguay ili ichukue Kombe la Dunia. Ikafunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, Uruguay ikasawazisha, na dakika ya 79 Alcides Ghiggia akapita kulia, akapiga kwenye upenyo kati ya kipa Barbosa na mlingoti. Ghiggia alipenda kusema baadaye kwamba watu watatu tu ndio waliowahi kuunyamazisha Maracanã: Papa, mwimbaji Frank Sinatra na yeye. Hakuna chombo cha kurekodi kinachoweza kukupa kile. Watu laki moja na elfu sabini na ushei wakiacha kupumua ni sauti, ila lazima uwe umekaa katikati yao uisikie.

Mechi nyingi bado nazitazama nyumbani. Nina mgongo, nina majukumu, na kutoka uwanjani ni adhabu ambayo sijawahi kuizoea, ule msukumano wa ngazi ambapo timu ikiwa imefungwa hakuna hata wa kumtania mwenzake. Nikiwa nyumbani siku hizi naweka simu chumbani, maana ujumbe wa marafiki huja mbio kuliko picha. Jirani nilikwenda kuzungumza naye, nikamweleza habari ya setilaiti na vipande vya video. Akasikiliza kwa heshima zote. Kisha akanijibu jambo ambalo kwa kweli lilikuwa karibu muda wote: "Si uje tu utazame huku?" Huwa naenda.

Lakini mwaka jana nilimpeleka Baba uwanjani. Magoti yake hayapatani na ngazi, kwa hiyo nilitafuta viti vya chini, na tulifika mapema ili tupande taratibu, hatua moja, tunapumzika, hatua moja. Ile redio yake ya zamani ilishakufa. Kwenye simu yake nimemwekea programu inayoleta stesheni ile ile kwa intaneti, na alikuwa amevaa spika za masikioni tangu tukiwa kwenye basi. Nilimwambia itamchelewa, tena sana. "Acha ichelewe," akasema. "Siwezi kutazama mpira bila mtu wa kunisimulia."

Kipindi cha kwanza nilikuwa namtazama yeye kuliko mechi. Alikuwa anacheka wakati hakuna anayecheka. Alikunja uso kwa rafu ambayo aliyechezewa alishainuka na kusahau. Macho yake yalikuwa kwenye mechi moja, masikio kwenye nyingine iliyo nusu dakika nyuma, na hakuonekana kusumbuka hata kidogo.

Kipindi cha pili tukafunga. Beki wetu wa kushoto alipanda akapokea mpira pembeni, akamtoka mtu mmoja, akapitisha krosi ya chini iliyowavuka wawili, straika akaigusa kwa nje ya mguu. Tukainuka wote. Baba naye aliinuka, mkono mmoja kwenye bega langu, mwingine juu, magoti ameyasahau nyumbani. Kijana wa mbele yetu akageuka kumkumbatia, akamwita babu, akamrudisha kwenye kiti kwa upole kama chombo cha kioo.

Hatujakaa hata vizuri, Baba akanishika kifundo cha mkono. Akachomoa spika ya sikio moja, akaifuta kwenye shati, akanipachika mwenyewe.

"Ngoja," akasema.

Ndani ya sikio langu, beki wetu wa kushoto ndiyo kwanza alikuwa anaupokea mpira.